Uko ukurasa wa ngapi?

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako bado anasoma gazeti kwa kuanzia nyuma, na hilo usitegemee kusikia limebadilika.

Umeniuliza kuhusu hii *Nagona*, riwaya ya Kezilahabi ninayoisoma: ikoje, na je, uwapendekezee wenzako mnaosoma pamoja? Najua unataka ndiyo au hapana. Jibu langu ni kwamba niko ukurasa wa 31.

Usigune. Unanijua. Mtu akisifu riwaya ambayo hajaimaliza, au akiiponda, aseme kwanza amefika ukurasa wa ngapi. Huyo mwenzenu anayesema kwamba kitabu hiki ni wazimu mtupu, umeandika mwenyewe kwamba kasoma kurasa tatu. Sawa, ana haki ya kuchoka, lakini awaambie kwamba ni tatu.

Hili sikulitoa hewani, mwanangu. Nilifundishwa na mama yako mkubwa, na mafunzo yenyewe yaliniuma.

Ile habari ya barua yake unaijua, babu yako aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, mstari kwa mstari, mpaka na salamu za mwisho. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Basi, miaka ilipita, mimi nikapata *Rosa Mistika* ya Kezilahabi huyohuyo. Ilikuwa imetoka mwaka 1971 na shuleni ilipigwa marufuku, kwa hiyo ilitembea kwa siri, imevishwa gazeti, na kila aliyeishika alikuwa na foleni nyuma yake. Nikaanza kusoma, na mapema tu nakuta Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyeona nyumba yao imeandikwa kitabuni. Nikasonga mbele, Rosa anakwenda shule ya bweni, mbali na macho ya baba. Nikasema moyoni, huyu kapona.

Sikuweza kungoja. Nilimfuata dada nikiwa kurasa arobaini na kitu, nikamwambia soma hiki, humu mna sisi, utacheka mpaka uchoke. Nikampa palepale, mimi mwenyewe sijakimaliza, na kijikaratasi changu bado kimo ndani.

Alikaa nacho siku tatu. Siku zote hizo hakunisemesha zaidi ya salamu. Siku ya nne akakiweka juu ya kitanda changu, gazeti lake limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akauliza, “Ulipokuwa unanisifia, ulikuwa umefika ukurasa wa ngapi?” Nikamwambia. Akasema, “Ungesema,” akatoka.

Nikakimaliza usiku uleule. Wewe umekisoma, sina la kukuficha: bwenini Rosa haponi, anaanza kupotea, na mwisho anajiua. Kitu ambacho mimi nilikiona ni kichekesho kilikuwa mlango tu wa kuingilia, nami nikamsukuma dada ndani peke yake, nikimwambia huko kuna kicheko. Hadi leo nikilikumbuka lile gazeti lilivyokunjwa, nasikia aibu.

Lakini ngoja, maana najua utasema nini, na mimi nimeshajisemea mara nyingi. Kama kila mtu angengoja amalize ndipo afungue kinywa, nani angekuwa anazungumzia riwaya? Utamu mwingi wa mazungumzo uko katikati, mtu akiwa bado hajui. Huyohuyo mama yako mkubwa ndiye aliyekuwa akitusomea *Mzimu wa Watu wa Kale*, ile ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, sura moja kila usiku, halafu anafunga kitabu kwa makusudi. Kesho yake kutwa nzima tunagombana nani kamuua Bwana Ali. Mjomba wako alimshuku kila aliyetajwa, mpaka na Bwana Msa mwenyewe! Usiku mmoja akaja jamaa mmoja aliyekwisha kukimaliza, akaropoka mwisho wote, na mchezo ukafa palepale. Hapo aliyemaliza ndiye aliyeharibu, sisi wa katikati tulikuwa tunafaidi.

Kwa hiyo sisemi msubiri. Bishaneni, kisieni, chukieni wahusika. Nasema taja ukurasa, basi. Ukisema “niko wa arobaini na ninacheka”, msikilizaji anajua mbele kuna kurasa ambazo hata wewe hujaziona, na kama ana jeraha lake atajichunga. Ukisema “utacheka mpaka uchoke”, umemuahidi kitu usichokuwa nacho.

Halafu kuna jambo linalonivuruga. Riwaya ile ilipokuja kuruhusiwa na hata kufundishwa shuleni, nani alikwenda kumnunulia binti yake nakala? Dada. Akampa na maneno machache: soma yote, ndipo tuzungumze. Sasa mimi nilikosea wapi? Sikukosea kitabu, maana alikuja kukichagua mwenyewe. Labda nilikosea kicheko. Au labda angekasirika hata kama ningekimaliza kwanza, maana barua ilikuwa yake na aliyecheka ni mimi. Sijamuuliza. Kila nikitaka kumuuliza tunaishia kuzungumzia magoti yake.

Haya, *Nagona*. Umenibana na sitaki kusema kama ni nzuri. Ni fupi, haifiki hata kurasa 100, na nina wiki tatu nayo. Mtu huyuhuyu aliyeandika *Rosa* kwa lugha isiyomsumbua mtoto wa shule ya msingi, miaka 19 baadaye anaandika hii, ambamo maneno yote nayajua ila sentensi ndiyo inayonifungia mlango. Kuna mtu anasafiri, anatafuta, na mimi ninamfuata nikiwa nimepotea kuliko yeye. Ukurasa wa kwanza nimeurudia mara nne. Mara mbili nimekirusha kitandani, mara mbili nimekifuata.

Ukitaka kuwaambia wenzako kitu, waambie hicho cha kurusha na kufuata, na uwatajie 31. Ama neno zuri au baya halitoki kwangu wiki hii, ingawa liko kwenye ncha ya ulimi na baba yako amechoka kulisikia.

Nakala yangu usiingoje. Nimeichora kwa penseli kila pembe, mishale na alama za kuuliza, na ukurasa wa 12 nimeandika neno ambalo sitaki ulione.

Mama yako