Pombe na Usingizi: Daktari Anajibu Wasomaji

Swali: Shikamoo daktari. Nikinywa pombe kali jioni nalala upesi, lakini saa nane usiku nashtuka, jasho linanitoka na moyo unanienda mbio. Kwa nini?

Jibu: Marahaba. Pombe hutuliza ubongo, ndiyo maana usingizi huja haraka; lakini ini linapoisafisha kwenye damu, ubongo uliokuwa umekandamizwa huchangamka kupita kiasi, na hapo ndipo unaposhtuka. Aidha, pombe huongeza mkojo, hivyo usingizi kidogo uliobaki hukatwa na safari za chooni.

Swali: Mume wangu huzimua kila asubuhi la sivyo mikono hutetemeka, na usiku halali bila nusu chupa. Anasema hiyo ndiyo dawa yake. Nimfiche chupa?

Jibu: Usimfiche, dada yangu. Mwili huizoea pombe baada ya siku chache za kunywa mfululizo, kwa hiyo usingizi uleule hudai kipimo kikubwa zaidi, na huko kutetemeka kwa asubuhi kunaonyesha kwamba tayari ameshakuwa tegemezi. Mtu wa namna hii akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akaona maruweruwe na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kumuua. Mpeleke hospitali aachishwe chini ya uangalizi, kwa dawa zinazopunguzwa taratibu pamoja na vitamini B1. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya.

Swali: Ninakoroma sana nikilewa. Ni hatari?

Jibu: Pombe hulegeza misuli ya koo. Iwapo mwenzako anaona pumzi ikikatika usingizini, nenda ukapimwe.

Swali: Nimeacha pombe wiki tano sasa, bado silali. Rafiki amenipa diazepamu. Nimeze?

Jibu: Hapana. Dawa hiyo ya kutuliza nayo hujenga utegemezi, na ikikutana na pombe hudhoofisha upumuaji. Kukosa usingizi huweza kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, na wengi hurudia pombe kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tatizo hili litibiwe lenyewe, wala usiambiwe uvumilie tu. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala kwa muda wa saa mbili tu, usilale mchana, panda kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito, na ukikaa macho kwa takriban dakika 20, ondoka ukakae penye mwanga hafifu hadi usingizi urudi. Wiki za mwanzo zitakuchosha, kwa hiyo fanya hivyo ukisaidiwa na mtaalamu wa afya ya akili, na mweleze wazi kila usiku unapotamani kunywa.