Gereji kwenye udongo laini: mtaro, nguzo au rafti?

Swali: Injinia, salaam. Nyumba yangu iko Bweyogerere, karibu na Kampala, Uganda, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Namanve. Nataka kujenga gereji ya magari mawili, mita 6 kwa 6, upande wa chini wa kiwanja. Tumechimba shimo: baada ya nusu mita ni udongo wa kijivu unaonata, na kwenye mita moja maji yakaanza kuchuruzika. Fundi anataka tumwage moramu (udongo mwekundu wa changarawe) futi tatu, tushindilie, kisha tupige msingi wa mtaro, yaani ukanda wa zege chini ya kuta tu, na kuishikanisha gereji na ukuta wa nyumba. Jirani anasema msingi wa nguzo, mwingine anasema rafti, yaani slabu moja ya zege chini ya gereji nzima. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya yote msimamishe fundi asimwage hiyo moramu. Piga hesabu nami. Moramu iliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya ujazo. Futi tatu juu ya mita za mraba 36 ni zaidi ya tani 60. Gereji yenyewe, yaani slabu, kuta za tofali, mabati na magari yote mawili, ni tani 40 hadi 45 hivi. Kwa hiyo hicho kifusi kinachoitwa maandalizi ni kizito kuliko jengo lote, na kitaufinya ule udongo wa kijivu, ambao ni mfinyanzi, polepole kwa miaka, huku ukuta wa nyumba ulio jirani ukivutwa nao.

Watu wengi hudhani hatari ya udongo laini ni jengo kuzama. Gereji ni nyepesi, na hata mfinyanzi laini kwa kawaida huweza kuibeba. Kinachopasua kuta ni kutitia kusikolingana: kona ya chini inashuka sentimita tatu, ya juu nusu sentimita, na ufa unapanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali. Msingi wa mtaro peke yake hauna ukakamavu wa kuzuia hilo.

Sasa rudi kwenye shimo, chimba hadi mita 2 kama kingo zinasimama. Mtu asiingie ndani zikianza kumeguka. Chukua bonge la udongo mkononi. Ukilikamua na likapenya kati ya vidole, huo ni laini mno. Likifinyangika kwa kubonyeza kidogo tu, ni laini. Likihitaji nguvu ya vidole ndipo libadilike umbo, una ardhi ya kuridhisha. Halafu linuse, litazame. Likiwa jeusi, jepesi, lenye nyuzi za mizizi ya mafunjo, hiyo ni mboji ya kinamasi, na hesabu yote inabadilika. Rudia kwenye kona zote nne, kwa sababu sehemu hizi udongo hubadilika ndani ya hatua chache. Ukikuta mabaki ya kichuguu, fukua mashimo yake yote ujaze.

Kwa maelezo yako, mimi ningechagua rafti. Chimba sentimita 40 za juu zenye majani na mizizi, tandaza kitambaa cha jiotekstaili (kinachotenganisha moramu na tope), rudisha moramu katika tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kwa mashine. Udongo uliotoa ulikuwa na uzito unaokaribia wa moramu hiyo, kwa hiyo mfinyanzi hauongezewi mzigo mkubwa. Juu yake zege dhaifu la sentimita 5, karatasi ya nailoni nzito, kisha slabu ya sentimita 15 yenye kingo nene zinazoshuka hadi sentimita 45. Weka wavu wa chuma wa BRC chini na juu ndani ya slabu. Kwenye kila kingo pitisha nondo 4 za milimita 12 zenye ringi. Zege liwe 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), limwagwe siku moja, limwagiliwe maji angalau siku 7. Hivi ni vipimo vya kuanzia. Injinia aliyefika na kushika udongo wako ndiye atakayevitia sahihi, na utavihitaji kwenye ombi la kibali cha ujenzi. Kama kiwanja kinapakana na kinamasi, waulize NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema mpaka wa ardhioevu unapita wapi.

Nguzo zina mahali pake, lakini si zile ninazoziona zikichimbwa mita moja na robo na kuishia katika tope lile lile. Hizo zinakusanya uzito kwenye nukta chache tu. Nguzo ifike ardhi ngumu, na bimu zibebe kuta pamoja na sakafu. Wengi huisahau sakafu: kuta zinabaki juu, sakafu inaenda chini na magari. Ukikuta mboji nene kupita mita moja na nusu, ni nguzo ndefu za namna hiyo, au utafute upande mwingine wa kiwanja.

Usiishikanishe na nyumba. Nyumba imekwisha kutitia, gereji bado. Acha nafasi ya sentimita 2 kuanzia msingi hadi paa, izibwe kwa kitu kinachonyumbulika.

Maji nayo. Mvua ya milimita 30 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 3,000, na ukiziacha zianguke kwenye kona moja ya rafti, kona hiyo ndiyo itakayoshuka. Weka gata, chimba mfereji upande wa juu, upeleke maji mbali. Chimba wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Machi.

Mlango wa chuma ufungwe mwisho, baada ya kuta na paa kukaa miezi kadhaa. Rafti inapotulia, fremu ya mlango ndiyo ya kwanza kubana, na kuikata upya ni ghali kuliko kusubiri.