Kwako mwalimu unayeanza kuwapeleka wanafunzi kwenye mazoezi ya kamba, ile michezo ya kupanda na kuvuka kamba na nyaya kwa pamoja

Usikimbilie kuwapandisha. Waya wa juu ndio unaotoa picha nzuri, lakini ushirikiano hujengwa chini, karibu na ardhi.

Chukua mchezo wa utando wa buibui: kamba zimefumwa kati ya miti miwili, zikaacha matundu makubwa na madogo. Kila tundu hupitwa mara moja, na anayegusa kamba anarudi. Wenye nguvu huwahi matundu makubwa ya chini, wakapita mbio. Waliobaki wanakuta matundu ya juu, na wa kuwainua wamekwisha kwenda upande wa pili.

Hapo mdomo utakuwasha. Nyamaza. Niliwahi kuwatazama wakibishana dakika ishirini huku msichana wa kidato cha pili akisema kwa sauti ya chini, "Tuhesabu matundu kwanza." Walimsikia walipochoka. Baadaye, tulipokaa kwenye nyasi, sikuwauliza kama wamejifunza umoja. Niliuliza, "Nani alisema tuhesabu, na alisema mara ngapi?" Kimya. Kisha mvulana mmoja, macho chini: "Mara nne, mwalimu." Kikao hicho cha nyasini usikikate kamwe, muda ukibana, punguza mchezo.

Kwa kamba za juu, shika kanuni iliyoenezwa na Project Adventure, mpango ulioanza mwaka 1971 katika shule moja ya sekondari huko Hamilton, Massachusetts: mwanafunzi mwenyewe ndiye anayechagua afike wapi. Mimi nilichelewa kuielewa. Niliacha darasa zima liimbe "Panda! Panda!" mpaka kijana akapanda kwa aibu, akashuka anatetemeka, na hakuja tena. Bado inaniuma. Siku hizi namuuliza kila mmoja kabla hajagusa ngazi, "Leo unataka kufika wapi?" Akisema kipago cha tatu, kikitimia tunampigia makofi kama aliyefika juu kabisa.

Na usalama, kila mara, kwa mikono yako: mkanda wa kupandia ukae juu ya mifupa ya nyonga, fundo la nane (lile lenye umbo la tarakimu 8) ulifuate kwa kidole mwanzo hadi mwisho, karabina, yaani pete ya chuma ya kuunganishia, ukishaifunga uibinye uone kama inafunguka. Kisha mwenzako akague upya ulichokagua, hata kama umefanya kazi hii miaka kumi. Radi ikisikika, shusha wote, hata kama amebaki mmoja aliyesubiri zamu tangu asubuhi.