Maswali na Majibu: Jiji Lenu na Masharti ya Ruzuku ya Usalama wa Mtandao

Wapo wasomaji wa safu hii wanaoishi Marekani na kufanya kazi katika ofisi za fedha, za ununuzi na za kompyuta za miji midogo. Maswali yao ya karibuni yamehusu ruzuku ya usalama wa mtandao iliyoanzishwa na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, ambayo ilitenga dola bilioni 1 kwa miaka minne ya fedha, kuanzia 2022 hadi 2025. FEMA, shirika la serikali kuu la kukabiliana na majanga, husimamia fedha, CISA, shirika lake la usalama wa mtandao, hutoa utaalamu, jimbo ndilo huomba, na angalau asilimia 80 ya fungu hutakiwa kuzifikia serikali za mitaa. Mkataba wa jiji kwa hiyo ni kati yake na jimbo, lakini masharti ya serikali kuu hulifuata jiji hadi kwenye ankara ya mwisho.

*Jimbo limetupatia dola 70,000 kutoka fungu la mwaka 2024, ambalo mchango wa jiji ni asilimia 30. Mhasibu wetu ametenga dola 21,000. Amepatia?*

Hakupatia, na kosa hili ni la kawaida mno. Asilimia hupigwa juu ya gharama yote ya mradi, si juu ya fedha za serikali kuu peke yake. Dola 70,000 zikiwa ni asilimia 70, gharama yote ni dola 100,000, na jiji linadaiwa dola 30,000. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 kwa fungu la 2022, kikapanda hadi 20, 30, na hatimaye 40 kwa fungu la 2025, kwa hiyo jiji lenye mafungu mawili litenganishe hesabu zake tangu siku ya kwanza. Mchango unaweza kuwa fedha taslimu au kitu chenye thamani, kwa mfano saa za kazi za watumishi, mradi saa hizo ziwe na kumbukumbu na ziwe hazijahesabiwa kama mchango katika ruzuku nyingine ya serikali kuu. Yapo majimbo yaliyoamua kuubeba mchango huo yenyewe, basi someni barua yenu ya ruzuku kabla ya kulipeleka suala hili kwenye baraza.

*Kampuni iliyotusaidia kuandika mahitaji ya kiufundi ya mradi ndiyo tunayoiamini kuliko zote. Je, tunaweza kuipa kazi?*

Ikiwa ndiyo iliyoandika mahitaji hayo, haiwezi hata kushindana. Kanuni za ruzuku za serikali kuu, zinazojulikana kama 2 CFR 200, zinasema wazi kwamba aliyetayarisha vigezo au hati za zabuni huondolewa kwenye ushindani wa zabuni hiyo. Sababu yake haihitaji maelezo marefu: anayekata kanzu kwa vipimo vyake mwenyewe atashangaa vipi ikimkaa vizuri? Vilevile hamruhusiwi kutaja chapa moja ya kifaa na kuzifungia nje bidhaa nyingine zenye uwezo sawa. Andikeni kifaa kinatakiwa kufanya nini, kwa kasi gani na kwa watumiaji wangapi, kisha muwaachie wazabuni waseme wanacho kipi.

Kununua kwa mzabuni mmoja bila ushindani kunawezekana katika hali chache, kama vile bidhaa kupatikana kwake tu au dharura isiyosubiri tangazo. Naona ofisi nyingi hukimbilia neno dharura pale ambapo leseni imekaribia kuisha muda, ilhali tarehe ya kuisha kwake ilijulikana tangu mwaka uliopita. Mkaguzi hatauliza kama kampuni ni nzuri. Atataka kuona karatasi inayoeleza kwa nini hakukuwa na ushindani, na ataangalia kama tarehe yake inatangulia saini ya mkataba au inaufuata.

*Jengo letu la jiji ni la matofali na ni la zamani. Fundi anataka kutoboa ukuta ili apitishe nyaya za kabati jipya la seva. Je, tunahitaji ruhusa?*

Mnahitaji, na msimruhusu aanze. Kazi yoyote inayogusa jengo au ardhi hupitia kwanza mapitio ya FEMA kuhusu mazingira na majengo ya kihistoria, na kazi iliyoanza kabla ya mapitio kukamilika inaweza kunyimwa malipo hata kama imefanywa kwa ustadi. Kununua programu, kutoa mafunzo au kugawa kompyuta za mkononi hakuleti shida hii. Tundu dogo la nyaya ndilo linaloileta, na idara ya kompyuta huwa haimwambii mtu yeyote habari zake kwa sababu machoni pake hiyo si kazi ya ujenzi. Pelekeni jimboni picha za ukuta, mwaka wa kujengwa kwa jengo, na maelezo ya mahali hasa patakapotobolewa.

*Tumeuziwa kamera na swichi za mtandao kwa bei nafuu sana. Kuna tatizo?*

Angalieni mtengenezaji. Fedha za ruzuku haziruhusiwi kununua vifaa vya mawasiliano au vya ulinzi vya Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision na Dahua vinavyoguswa na katazo la sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019, pamoja na kampuni zao tanzu. Kamera nyingine huuzwa kwa jina tofauti ingawa kilicho ndani ni chao, hivyo mtakeni muuzaji athibitishe kwa maandishi.

*Tukivamiwa na wahalifu wakafunga mafaili yetu, je, ruzuku inaweza kulipa wanachodai?*

Hapana. Sheria yenyewe inakataza kulipa kikomboleo kwa fedha hizi, na inakataza pia kulipia bima ya mashambulizi ya mtandao. Serikali ya jiji la Baltimore iliposhambuliwa Mei 2019 ilidaiwa bitikoini 13, zilizokuwa na thamani ya takriban dola 76,000. Ilikataa, na gharama ya kurudi kazini ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 18. Ruzuku inakusudiwa kulipia mambo yanayotangulia siku kama hiyo, yaani nakala za akiba zilizojaribiwa, uthibitishaji wa hatua mbili, na kuachana na mifumo isiyopata tena masasisho. Mshahara wa mtumishi ambaye jiji lilikuwa likimlipa tangu zamani nao haufai kuhamishiwa kwenye ruzuku ili bajeti ya jiji ipumue.

*Mradi umefungwa. Hati tuzitunze hadi lini, na vifaa vifuatiliwe vipi?*

Hati hutunzwa miaka 3 tangu kuwasilisha taarifa ya mwisho ya fedha, na ikiwa ukaguzi au kesi imeanza kabla ya muda huo kwisha, mpaka suala hilo limalizike. Kwa vifaa, daftari lionyeshe namba ya kifaa, namba ya ruzuku, tarehe na bei ya kununuliwa, asilimia iliyotoka serikali kuu, kilipo na hali yake, na kila baada ya miaka 2 mtu apite akihakiki kwa macho yake. Kifaa kikiibwa, chunguzeni, mlitaarifu jimbo kwa maandishi, na muambatishe ripoti ya polisi kwenye ukurasa wake katika daftari.