Shangazi, nataka ndoa ya watu kumi na wawili ndani ya Msitu wa Rondo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 27, naishi Lindi mjini. Mchumba wangu yuko Mtwara. Sote ni Waislamu, posa imepokelewa na mahari yamekubaliwa. Hatutaki ukumbi wala MC. Tunataka kuoana juu Rondo, msituni, chini ya miti ya kale, tukiwa watu kumi na wawili tu. Baba yupo ila ni mzee, magoti yanamsumbua. Tatizo ni mjomba: ameshaunda kamati na michango imeanza kuingia. Mchumba wangu anasema tufunge kimya kimya kwanza, tuwaambie baadaye. Naogopa kumkosea mjomba, na naogopa kuolewa kwenye harusi isiyo yangu. Nifanyeje?*
*Asiyetaka Kelele, Lindi*

Marahaba, mwanangu. Msitu mnaweza kuupata, na watu wenu kumi na wawili mnaweza kubaki nao. Kimya kimya ndiyo haiwezekani, na tuimalize hiyo kabla hatujafika kwenye miti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe, na taarifa hiyo itangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Inataka pia mashahidi wasiopungua wawili, waliotimiza miaka 18. Kwa umri wako sheria haidai ridhaa ya mzazi. Dini ndiyo inamdai walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, ambaye kwako ni baba, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku Kusini tunayafuata, nikahi bila walii haisimami. Sasa jumlisha: baba lazima ajue, sheikh lazima ajue, na tangazo litakaa wiki tatu mahali watu wanapopita. Lindi mjini hapo! Mjomba atalisikia kabla ya wiki ya kwanza kwisha, na atalisikia kwa mtu mwingine. Hilo ndilo litakaloumiza, kuliko msitu.

Kwa Wamwera, Wamakonde na Wamakua, mtoto wa dada ni wa mjomba. Hata pale ambapo baba ndiye walii, neno la mjomba ndilo linalotuliza nyumba. Kwa hiyo nenda kwake. Nenda na mama yako, maana ni dada yake, na mzee mmoja anayemheshimu. Nendeni mchana, nyumbani kwake. Usimpigie simu, na usilizungumze mbele ya wanakamati. Usianze na "sitaki kamati". Anza na ombi: kwamba ndoa itafungwa msituni kwa watu wachache, kwamba unamtaka yeye awe mmoja wa mashahidi wawili, na kwamba walima, yaani karamu ya harusi, itakuwa nyumbani, Jumamosi inayofuata, yeye akiwa mwenyeji wake. Jina la shahidi linaandikwa kwenye cheti cha ndoa. Mwambie hivyo.

Kisha muulize jambo moja kwa upole: je, kuna advansi iliyokwisha kutolewa? Ya ukumbi, ya muziki, ya mapambo? Mara nyingi ugumu wa mwenyekiti wa kamati hautoki kwenye mila. Unatoka kwenye fedha za watu ambazo ameshazitoa na hajui atazirudishaje. Ukilijua hilo mapema, nyinyi wawili mnaweza kubeba hasara ya advansi, naye akabaki na heshima yake. Daftari la michango lisifungwe kimya. Kila aliyechanga apewe ujumbe wenye njia mbili: arudishiwe fedha yake, au ihamie kwenye walima. Wengi watachagua walima, na waliochanga kwa kutarajia kadi ya watu wawili waje wawili. Turubai, viti, masinia ya pilau, kisomo kama familia inapenda, basi. Kilemba cha baba, mkaja wa mama na haki ya mjomba vitolewe kama ilivyo ada, visipunguzwe kwa sababu sherehe imekuwa ndogo. Hapo ndipo watu huhisi wamedharauliwa.

Akikataa kabisa? Mpe wiki moja, umtume yule mzee arudi peke yake. Baba akiwa radhi na taarifa imetolewa, ndoa yenu haina kasoro. Ila usiharakishe kufika huko.

Kuhusu baba na magoti: walii si lazima afike msituni. Anaweza kumfanya sheikh au ndugu mwanamume kuwa wakili wake, akuozeshe kwa niaba yake. Uwakilishi huo ufanyike nyumbani mbele ya mashahidi, atamke wazi jina lako, jina la mume na mahari. Hakikisheni sheikh wenu anaruhusiwa kisheria kufungisha ndoa na ana kitabu cha vyeti. Sheikh mwenye elimu nyingi asiye na kitabu atawaozesha vizuri na kuwaacha bila karatasi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyenu vya NIDA, herufi kwa herufi. Wewe ni mwalimu, siku ya kumwingiza mume kwenye bima ya afya ndipo "Mohamedi" na "Muhammad" watakapokuwa watu wawili tofauti.

Sasa msitu. Rondo kuna vitu viwili, vyote chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na watu huvichanganya. Kuna shamba la miti, misindano na mitiki iliyopandwa kwa mistari, inayopendeza sana kwenye picha. Na kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia, msitu wa kale wa pwani wenye mimea isiyopatikana kwingine duniani. Humo analala mchana komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wengine wote, anayeishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania na aliye hatarini kutoweka. Wewe umesema miti ya kale, kwa hiyo barua yako iandike hifadhi ya mazingira asilia, si "Rondo" tu. Na usitegemee mvule mkubwa kila kona; ilikatwa sana tangu enzi za ukoloni. Mwombe askari wa misitu akuonyeshe iliyobaki karibu na njia.

Barua ipelekwe TFS wiki sita kabla. Iwe na tarehe na saa za kuingia na kutoka, idadi ya watu, namba za magari, na shughuli yenyewe kwa uwazi: nikahi na picha za familia. Andika pia msivyohitaji: hakuna moto, hakuna jenereta, hakuna spika, hakuna kukata tawi. Sentensi hiyo inamwondolea mhifadhi hofu kubwa. Malipo ni kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number) tu. Mtu akikuomba fedha mkononi, mwombe namba. Mpiga picha akitaka kurusha droni, hicho ni kibali kingine kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa maoni yangu aiache nyumbani. Chini ya majani haioni kitu, na kelele yake inawasumbua ndege.

Mwezi: Juni katikati hadi Julai mwisho. Mvua za huku huisha Aprili au Mei, na mwezi mmoja baadaye njia imekauka na msitu bado una majani. Kuanzia Agosti watu wanachoma mashamba, moshi unatanda na moto unaweza kuingia msituni. Oktoba korosho zimeiva, minada imeanza, hata mjomba hatakuwa na muda nawe. Uwanda wa Rondo unafika karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi kuna baridi ya kweli. Wazee wabebe mashuka. Kusi nalo linavuma, kwa hiyo chagueni mahali pasipo na matawi makavu juu. Mtazame mti mzima kabla ya kutandika mkeka chini yake, maana tawi kavu huanguka bila onyo.

Saa: nikahi saa 3 asubuhi, kutoka msituni saa 5. Jua likipanda zaidi, mwanga unapenya majani kwa madoadoa meupe makali, na uso mmoja unakuwa nusu mweupe nusu mweusi kwenye picha. Jioni nako msitu huwa giza mapema; jua la Julai linachwa saa 12 na robo hivi, lakini ndani unaanza kupapasa saa 11. Nguo nyeupe kabisa hunasa ukijani wa majani. Rangi ya maziwa au ya mchanga inatulia zaidi.

Nguo yenyewe iishie kwenye kifundo cha mguu. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ya upupu. Mmea huo hupenda pembezoni mwa msitu na mashamba yaliyoachwa, na wakati huohuo wa kiangazi maganda yake yanakauka. Yamefunikwa vinywele vya rangi ya dhahabu, laini kama mahameli, na upepo wa kusi ukiyatikisa vinywele vinapeperuka. Shela inavinasa kuliko vazi lolote. Vikikugusa usijikune, maana unavisukuma ndani ya ngozi. Usipanguse kwa kiganja pia. Bandika selotepu juu ya ngozi, bandua, chukua kipande kipya, rudia mpaka vimekwisha, ndipo uoshe kwa sabuni. Wekeni roli mbili za selotepu kwenye mkoba wa somo wako, kungwi wako. Shela ifungwe kwenye mfuko mpaka mfike mahali penyewe.

Viatu vya kufunika miguu kwa wote, viatu vya harusi vibebwe mkononi. Kabla ya kutandika, mtu mmoja azunguke mahali hapo akitazama chini. Siafu wakivuka njia, hamieni hatua ishirini pembeni, msiwamwagie kitu. Wanaume waingize suruali ndani ya soksi kwa sababu ya kupe. Kama mtaamua kwenda misitu ya miombo ya Kilwa au Liwale badala ya Rondo, bwana harusi asivae suti ya bluu iliyokoza wala nyeusi, maana mbung'o huzifuata rangi hizo.

Muulize askari siku mbili kabla kama tembo wamepita. Siku hizi wanaonekana sehemu nyingi za mkoa, na jibu lake linaweza kubadilisha njia au siku. Mkubali bila ubishi.

Gari: Noah inafika kipindi kikavu hadi mahali fulani, kisha inakwama kwenye mchanga au mteremko. Kodini mbili za kuvuta magurudumu yote manne, zenye kamba ya kuvutana. Usiku wa kuamkia ndoa laleni Mtama au Nyangao, si Lindi, ili msianze safari gizani. Nyangao pia kuna hospitali. Dereva aijue njia yake. Mtandao wa simu msiutegemee. Aachwe mtu kijijini anayejua saa ya kutoka kwenu, na nini afanye ikifika saa 7 hamjatokea.

Chakula kipikwe kijijini au mjini na kuliwa nje ya hifadhi. Kwa watu kumi na wawili, mchele kilo 2 na nyama kilo 3 kwenye hotipoti zinatosha, na maji lita 2 kwa kila mtu. Msituni kaleni tende tu, na kokwa zirudi nanyi. Ubani na udi vichomwe nyumbani kabla ya safari. Kaa moja likianguka kwenye majani makavu ni moto wa hifadhi nzima. Maua ya plastiki na karatasi za kurusha hapana.

Hesabu yako ya kumi na wawili nayo ina mtego. Sheikh, mpiga picha, dereva na askari wa misitu ni wanne. Wanaobaki ni wanane: nyinyi wawili, mjomba, mama, wakwe wawili, shahidi wa pili na somo wako. Hakuna nafasi ya "nimekuja na rafiki yangu". Dereva wa gari la pili awe mmoja wa hao, kwa mfano yule shahidi.

Na kama moyo wako unataka baba awepo kuliko unavyoitaka Rondo, kuna Msitu wa Litipo, karibu na Ziwa Lutamba. Uko nchi ya chini, huyo komba mdogo yumo pia, na baba hatalazimika kupanda. Utaratibu wa kibali ni uleule. Mimi ningekwenda Litipo na baba, lakini baba ni wako, na yeye mwenyewe anaweza kukwambia hataki msitu wowote. Muulize.

Mchumba wako naye aandamane nawe hadi mlangoni kwa mjomba, hata kama ndani hatasema neno. Nendeni wiki hii. TFS wanataka tarehe, taarifa ya siku 21 inataka tarehe, na tarehe msiipange kabla hamjazungumza na mjomba.