Maswali Yenu: Akina mama wa Freedom Corner na wafungwa 52

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Juzi nilipita Uhuru Park na kijana wangu akaniuliza kwa nini ile kona inaitwa Freedom Corner, nikamwambia tu ni mambo ya Wangari Maathai na miti. Kufika nyumbani mjomba akasema kuna akina mama walivua nguo pale mbele ya polisi. Ni kweli? Na walikuwa wanataka nini hasa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli kabisa, mpe mjomba salamu zetu. Na Maathai alikuwepo, bustani yenyewe aliitetea 1989 serikali ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 pale, lakini safari hii hakuja kwa ajili ya miti.

Ijumaa Februari 28, 1992, akina mama kadhaa, wengine wazee waliotoka huko vijijini, walienda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu Amos Wako na majina ya wafungwa 52. Miongoni mwao walikuwa watoto wao wa kuzaa. Hoja yao ilikuwa rahisi: Desemba 1991 bunge lilishafuta kile kifungu cha 2A kilichofanya KANU iwe chama pekee, vyama vingi sasa ni halali, sasa huyu kijana aliyefungwa kwa kudai hayo hayo anangoja nini ndani? Wakaambiwa warudi nyumbani. Wakajibu watangoja watoto wao pale Uhuru Park, tena bila kula. Kati yao alikuwemo Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa mpinzani aliyekuwa na kesi ya uhaini, kesi ambayo ukipatikana na hatia ni kitanzi.

Usiku ukaingia hakuna aliyeletwa, wakalala hapo hapo kwenye nyasi.

Sasa hapa ndipo pananigusa mimi kuliko hata hilo la kuvua nguo. Ilikuwa imepita miaka watu wakipelekwa Nyayo House, jengo la serikali katikati ya Nairobi, kule chini kwenye vyumba vya giza, wanamwagiwa maji mpaka seli inajaa, wanakaa ndani ya maji hayo siku nzima, halafu wakitoka hawasemi kitu hata kwa mke. Watu waliogopa mpaka kutaja jina la hiyo nyumba kwenye matatu. Lakini siku hizo pale bustanini watu wakaanza kuja, kwanza wachache halafu umati, na waliopitia huko wakasimama mmoja mmoja mbele ya wale akina mama wakaanza kueleza walichofanyiwa, mchana, kwa sauti, katikati ya Nairobi. Nadhani hicho ndicho kilichoitia serikali hofu zaidi ya njaa yenyewe, maana mama mwenye njaa unaweza kumpuuza ila mtu akishasema mbele ya umati utamrudishia vipi maneno mdomoni?

Jumanne Machi 3 polisi wakaja na vitoa machozi na rungu. Maathai alipigwa mpaka akazimia akakimbizwa hospitali. Hapo ndipo baadhi ya wale akina mama walipovua nguo. Kijana wa leo anaweza kudhani ni fujo tu au kuchanganyikiwa, lakini mama wa rika la mama yako akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani, na wale polisi walilijua hilo, wengine waligeuza nyuso.

Na haikuwa mara ya kwanza. Machi 1922 Waingereza walipomkamata Harry Thuku, kiongozi aliyepinga ukoloni, watu walijazana nje ya kituo cha polisi Nairobi, na wanaume walipoanza kusitasita Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake juu akawaambia wachukue hiyo nguo wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi, naye akawa kati ya waliouawa. Serikali yenyewe ilikubali kuwa waliokufa ni watu 21. Hiyo ni miaka 70 kamili kabla ya Freedom Corner.

Akina mama hawakuenda nyumbani ng'o. Walirudi wakaingia kanisa la All Saints Cathedral hapo jirani, wakaishi chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Juni 1992 wakaachiliwa wafungwa wachache, na mwanzoni mwa 1993 wakatoka karibu wote, Koigi akiwemo.

SWALI: Kuna tofauti gani ya "mfungwa wa kisiasa" na "aliyewekwa kizuizini"? Mbona serikali ilikuwa inasema haina wafungwa wa kisiasa?

JIBU: Kizuizini ni bila kesi. Waziri anasaini karatasi unaingia, na hujui unatoka lini, hiyo ilikuwa kwa sheria ya usalama wa umma iliyopewa makali 1966, na meno yake yakang'olewa kwenye mageuzi ya 1997. Wanasiasa Raila Odinga, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa ndani hivyo. Wengine walipitishwa mahakamani, kama wale wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, kuanzia 1986, mtu ameshateswa, analetwa jioni ofisi zimefungwa, hana wakili, anakubali kosa na kufungwa miaka kadhaa. Kwenye karatasi huyo ni mhalifu wa kawaida, ndiyo maana serikali ikapata mdomo wa kusema haina mfungwa wa kisiasa hata mmoja.

SWALI: Huku kugoma kula walikutoa wapi?

JIBU: Ni silaha ya wafungwa ya zamani. London 1909 Marion Wallace Dunlop, mmoja wa wanawake waliodai kura, aligoma ndani ya jela ya Holloway akitaka atambuliwe kuwa mfungwa wa kisiasa, baada ya saa 91 wakamtoa. Ireland ya Kaskazini 1981 walikufa wanaume 10 wakidai hivyo hivyo. Ila hao wote walikuwa wao ndio wafungwa. Uhuru Park aliyekaa njaa ni mama aliye nje, huru, ambaye angeweza kwenda kula saa yoyote.

SWALI: Kuna kumbukumbu yoyote pale kwenye hiyo kona?

JIBU: Ipo, ila si ya akina mama wa 1992. Tangu Septemba 2015 kuna mnara wa waliopigwa na kuteswa enzi za mkoloni, baada ya Uingereza kukubali kuwalipa wazee 5,228 mwaka 2013. Mpeleke kijana wako aangalie ile sanamu vizuri: ni mwanamke anampa mpiganaji wa Mau Mau chakula, na wote wawili wametazama pembeni, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake.