Simu inaongea kwenye spika za gari lakini muziki hautoki: usikimbilie kununua redio mpya

Mkuu, umesema Premio yako ni ya 2009, redio ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, maandishi yote Kijapani. Ukipigiwa simu unaongea vizuri kwenye spika za gari, ila ukiweka muziki unaimba kwenye simu yenyewe. Na fundi amekwambia redio imekufa upande wa muziki, utafute redio ya Android. Naomba usitoe hela hiyo kwanza. Mimi ni dereva wa teksi za mtandaoni hapa Dar, nimeendesha magari ya mabosi tofauti, karibu yote ya Kijapani, na pale kijiweni wenzangu wakikwama na mambo ya bluetooth huwa wananiita mimi. Tatizo lako nimelikuta mara nyingi na mara nyingi redio ilikuwa nzima kabisa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja ni kwamba bluetooth ya gari inabeba kazi zaidi ya moja, na kila kazi inajitegemea. Kupiga na kupokea simu ni kazi moja, kitaalamu inaitwa HFP. Kupeleka muziki wa stereo ni kazi nyingine, A2DP. Vitufe vya redio au vya usukani kuruka wimbo na kusimamisha ni AVRCP. Majina ya watu uliowahifadhi kwenye simu kuonekana kwenye skrini ya gari ni PBAP. Simu na redio zikikutana huulizana kwanza kila mmoja anaweza nini, halafu zinaunganishwa kwa zile kazi tu ambazo zote mbili zinazijua. Redio nyingi za Kijapani za miaka ile zilitengenezwa kwa ajili ya simu tu, kwa sababu muziki mwenye gari alisikiliza kwenye CD. Ukiwa na redio ya namna hiyo simu itaandika "imeunganishwa", na ni kweli imeunganishwa, lakini muziki hautatoka hata ukeshe.

Kwa hiyo anzia kwenye redio, uone inajua nini. Bonyeza kitufe cha AUDIO, zitakuja chaguo za kusikilizia: FM, AM, CD, TV, SD, USB na kadhalika. Tafuta kama kuna BT Audio, au neno Bluetooth, au ile alama ya herufi B yenye ncha. Majina haya hata kwenye redio za Kijapani mara nyingi yameandikwa kwa herufi zetu. Kama ipo, redio inajua muziki na kazi yako ni ndogo. Kama haipo kabisa, angalia kwenye kona ya uso wa redio, utakuta herufi na namba ndogo za modeli, mfano NSCP-W62 au NSZT-W62G. Hizo ziandike mtandaoni pamoja na neno Bluetooth Audio, utapata kitabu chake au watu waliokwisha kuihangaikia.

Tuseme BT Audio ipo. Hapa kuna mambo mawili yanayowaponyoka watu. La kwanza ni kwamba kuunganisha simu hakuihamishi redio kutoka FM. Redio ikiwa imekaa kwenye FM, simu inacheza wimbo, wewe unasikia kituo cha redio na unadhani bluetooth imegoma. Lazima uichague BT Audio kwa mkono. La pili ndilo naona linakuhusu zaidi: redio nyingi za aina hii zina orodha mbili, moja ya simu za kuongelea na nyingine ya vifaa vya muziki. Ulisajili simu yako kwenye orodha ya kwanza peke yake. Inabidi uingie upande wa Audio, uisajili simu ile ile tena. Kuna redio ambazo ukimaliza kusajili simu zinakuuliza kama unataka na muziki pia, swali linakuja kwa Kijapani, mtu anabonyeza chochote ili litoke, basi inaishia hapo.

Kuhusu Kijapani, usiogope. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingine ndani, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta pa kubadilisha lugha. Chukua simu ya pili, fungua Google Lens au Google Translate upande wa kamera, ielekeze kwenye skrini, itakusomea. Na baada ya muda utayazoea yale machache unayoyahitaji: 設定 ni mipangilio, 登録 ni kusajili, 接続 ni kuunganisha, 削除 ni kufuta, 戻る ni kurudi nyuma, はい ni ndiyo na いいえ ni hapana. Hayo yanakutosha kumaliza kazi nzima. Mimi nimeyaandika kwenye karatasi nimeibandika ndani ya kile kisanduku cha mbele, na dereva mwenzangu anayepokezana nami gari anaitumia.

Gari liwe limesimama, gia kwenye P na handbreki juu. Redio hizi zinafunga menyu ya kusajili gari likiwa linatembea, na kuna nyingine hata gari limesimama zinagoma mpaka handbreki ivutwe. Mtu anaona maandishi yamefifia hayabonyezeki, anasema redio mbovu.

Sasa kitu ambacho nakisisitiza kuliko vyote: safisha pande zote mbili kabla hujaanza upya. Ukifuta gari kwenye simu tu, redio bado inakumbuka ufunguo wa zamani, na zikikutana tena hazielewani. Kwenye simu nenda Bluetooth, gusa kile kigurudumu pembeni ya jina la gari, chagua Forget. Kwa iPhone ni ile herufi i, halafu Forget This Device. Kwenye redio nenda kwenye orodha ya vifaa, tafuta 削除, ufute. Na ukifika kwenye orodha hiyo usishangae kukuta majina usiyoyajua. Gari moja nililopewa lilikuwa limetoka bandarini si muda mrefu, orodha imejaa simu za mwenyewe wa kule Japani, majina ya Kijapani yamepangana mpaka chini. Redio nyingi zinapokea simu tano tu, ikijaa haikubali mpya, na ujumbe unaokwambia hivyo uko kwa Kijapani. Tulifuta zote, simu ya dereva ikaingia hapo hapo. Gari lile lilikuwa limeshaandikiwa kubadilishwa redio.

Ukianza kusajili upya, namba ya siri ikidaiwa jaribu 0000 au 1234, au isome kwenye skrini ya redio, mara nyingi imeandikwa pale. Redio zilizokuja baadaye hazidai namba, zinaonyesha tarakimu sita pande zote mbili, ukiona zinafanana unakubali. Ikitokea kwenye simu kisanduku cha kuuliza kama unaruhusu majina na rekodi za simu, ruhusu kama gari ni lako. Kama ni la kukodi au la bosi, kataa. Majina yako yananakiliwa kwenye redio na kwenye redio nyingine yanabaki humo hata simu ikiondoka.

Baada ya hapo rudi kwenye simu, gusa tena kile kigurudumu pembeni ya jina la gari. Kwenye Android utaona swichi za Phone calls na Media audio. Hakikisha Media audio imewashwa. Kama haionekani kabisa, wakati BT Audio ipo kwenye redio, maana yake hujaisajili kwenye orodha ya muziki, rudi kule. Kama haionekani na BT Audio haipo, umepata jibu: redio inajua simu tu.

Kuna hali nyingine ambayo najua itakukuta siku ukibadilisha simu. Muziki unatoka lakini jina la wimbo halionekani, au vitufe vya usukani havifanyi kazi. Simu mpya zinaongea toleo jipya la AVRCP ambalo redio ya zamani hailielewi vizuri. Kwenye Android ingia About phone, gusa Build number mara saba, zitafunguka Developer options. Humo kuna Bluetooth AVRCP Version, ishushe hadi 1.4 au 1.3, zima bluetooth, washa tena, ikibidi futa na usajili upya. Vitu vingine humo ndani usiviguse. Kama muziki unakata kila skrini ikizima, hapo tatizo si gari, ni simu inabana betri. Nenda kwenye betri ya ile programu ya muziki, uiondolee kizuizi. Simu nyingi za bei ya kati zinafanya hivyo.

Kwa madereva wenzangu wa mtandaoni: sauti ya Google Maps ikipotea mkiwa mmeunganisha gari, inakuwa imeenda kwenye BT Audio wakati redio iko FM. Ndani ya Google Maps, kwenye mipangilio ya Navigation, kuna Play voice over Bluetooth. Izimeni, sauti itatoka kwenye simu yenyewe na abiria anaendelea na redio yake. Na voice note za WhatsApp zinapita njia ile ile ya muziki. Ukiifungua ukiwa na abiria nyuma, atasikia mambo ya nyumbani kwako yote kwa spika nne. Subiri umshushe.

Ukiwa na simu mbili, smartphone na kitochi, redio nyingi za hivi zinakubali kitochi kiwe cha kuongelea na smartphone iwe ya muziki, mradi kitochi chenyewe kina bluetooth. Hapo zile orodha mbili zinageuka kuwa faida. Ila simu mbili za kuongelea kwa wakati mmoja hazitaki, itashika moja.

Sasa, kama umepima ukakuta redio inajua simu tu, bado hujafika kwenye redio mpya. Tafuta tundu la AUX, yaani la kuchomeka waya wa sauti kutoka nje, kwenye magari mengine liko ndani ya kisanduku cha katikati au chini ya dashibodi, na mengine yana matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Likiwepo, nunua kipokezi kidogo cha bluetooth cha kuchomeka kwenye AUX, bei yake ni ndogo ukilinganisha na redio, na sauti inatoka safi. Kama AUX haipo, kuna vile vya kuchomeka kwenye tundu la chaja vinavyorusha sauti kwa FM. Hapa kuna mtego kwa magari yetu: FM ya redio hizi inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, wakati kifaa hicho kwa kawaida kinarusha kuanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo vinakutana kati ya 87.5 na 90 tu, na hapa Dar hapo katikati kuna vituo vyenye nguvu. Tafuta nafasi yenye mvumo mtupu bila kituo. Kama gari limefungwa kile kifaa cha kuhamisha masafa ili upate vituo vya hapa, namba unazoona kwenye redio hazitalingana na za kifaa, itabidi utafute taratibu kwa sikio. Sauti haitafikia ile ya AUX, nakwambia mapema.

Na tafadhali, mtu asikudanganye mchomoe betri ya gari ili redio "ijirekebishe". Redio nyingi za Kijapani zenye ramani zina ulinzi dhidi ya wizi. Umeme ukikatika zinaweza kujifunga na kudai namba ya siri, na zile zinazotumia kadi ya SD ya ramani zinadai na kadi yenyewe iwe ndani. Wengi wetu tunanunua gari kadi imeshachomolewa, na namba anaijua mwenye gari wa kwanza kule Japani. Nimeona mtu anaingia gereji na redio inayoimba, anatoka na skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa Kijapani, na kuifungua kukamgharimu. Fundi akitaka kugusa betri kwa sababu nyingine yoyote, muulize kwanza kuhusu redio. Kadi ya ramani ikiwepo, iache pale pale, hata kama ramani yenyewe inaonyesha uko baharini.

Siku ukiamua kweli kubadilisha, muulize anayekufungia mambo matatu kabla hajafungua dashibodi: kamera ya nyuma itaendelea kufanya kazi, vitufe vya usukani vitashika, na maikrofoni atakufungia wapi. Hiyo ya tatu watu wanaisahau. Maikrofoni ikiachwa ndani nyuma ya redio au karibu na tundu la AC, wewe utasikia kila kitu na unayeongea naye atakuwa anasema "hallo, hallo". Iwekwe juu karibu na taa ya ndani au kwenye nguzo upande wa dereva.

Weka hapa namba ya modeli ya redio yako na picha ya ile skrini ya AUDIO, tuone kama BT Audio ipo. Taja na simu unayotumia.